Breki za Maalim Hemed

Gari lako ulilolipaki hapo nje, maji yake ya breki yalibadilishwa lini? Hujui. Nilijua hujui. Kila kijana ninayemwuliza swali hili hunitazama kama nimemtaka anitajie babu yake wa saba, kisha hunijibu kwa Kiingereza kwamba taa ikiwaka kwenye dashibodi atalipeleka gereji. Taa! Magari niliyojifunzia kazi hayakuwa na taa ya kukuonya. Yalikuwa na mguu wako tu, na kama mguu haukukwambia kitu, ukuta ulikwambia.

Nawaandikia nyinyi mnaonunua magari ya kizamani siku hizi kwa kupenda umbo lake. Mnayapaka rangi, mnayapiga picha, mnayapeleka harusini yamefungwa utepe mbele. Hakuna anayeuliza yatasimamaje. Mimi nimezeeka nikiuliza hilo moja, chini ya magari ya watu, kwenye ua mmoja nyuma ya maduka ya Thornton Heath, kusini ya London. Sakafu ya zege ya ule ua imenila magoti yote mawili. Kilichobaki ni mdomo, basi nisikilizeni.

Nyumbani wananambia nina tabia ya kushuku. Mke wangu husema nikipewa chai nanusa kwanza. Kweli. Sijui kama kazi ndiyo iliyonifanya hivi au nilikuja nayo. Sisi tuliotoka Unguja baada ya Mapinduzi tulifika hapa shingo zetu zimezoea kugeuka nyuma. Ukisikia Kiswahili cha kwetu kwenye basi moyo unaruka kwa furaha, unasalimia, unasalimiwa, halafu kila mmoja anaanza kumpima mwenzake kimyakimya. Huyu mtoto wa nani? Alikuwa upande gani? Katoka lini, na nani aliyemwachia atoke? Mtu unakula naye biriani ya Idi, na bado hujui.

Aliyenifunza kazi alikuwa kalasinga wa Kisumu, Fundi Jaswant, mwenye ile gereji. Alikuwa mtu mpana, kilemba chake safi hata akitoka chini ya lori, na Kiswahili chake hakikuwa na ngeli. Yeye alikicheka changu, akisema naongea kama redio. Mimi nilikicheka chake. Wateja Waingereza walidhani tunagombana.

Siku yangu ya kwanza alinipa ufunguo wa gari lililokwisha kutengenezwa. "Hii tayari. Peleka kwa mwenyewe."

Nikaingia, nikawasha. Akapiga boneti kwa kiganja, nusura niruke.

"Wewe ameangalia breki?"

"Si umesema tayari?"

"Mimi nani? Mama yako?" Akanishusha. "Kwenye breki hata mama yako hapana amini. Ingia chini, gusa. Kitu kidole yako imegusa, hiyo sema. Kitu kidole haijagusa, funga mdomo."

Hiyo ndiyo skuli niliyosoma.

Sasa sikilizeni habari ya maji ya breki, maana jina lenyewe limewapotosha wengi. Si maji, na maji ndiyo adui yake mkubwa. Yanafyonza unyevu wa hewani kama chumvi iliyoachwa wazi, na London haijapungukiwa na unyevu hata siku moja. Yakikaa sana yanageuka rangi kama chai ya jana. Ukiteremka mlima mrefu umekanyaga, breki zinapata moto, ule unyevu unachemka na kuwa mvuke. Maji ya breki hayabonyei, ndiyo maana yanasukuma. Mvuke na upepo vinabonyea. Hapo pedali inazama kama mguu kwenye tope, na gari linaendelea na safari zake.

Kuna mama mmoja muuguzi wa Edmonton, kaskazini ya jiji, mtu wa Tanga, aliyeniletea kopo lake mwenyewe niongezee. Lilikuwa wazi, halina hata kifuniko. Nikamwuliza alikuwa akiliweka wapi. Bafuni, dirishani. "Bafuni kwa nini, dada?" Akanishangaa. "Si ni ya maji?" Nililimwaga mbele yake, na hakunisamehe mpaka leo. Msiongezee maji ya kopo lililokaa wazi. Msiongezee mafuta ya injini, wala ya cherehani, wala ya kupikia. Nimeyaona yote, na raba za ndani zilikuwa zimevimba kama maandazi. Na msiyadondoshe kwenye rangi ya gari. Yanaimenya kama mtu anavyomenya chungwa.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Unaanzia gurudumu lililo mbali kabisa na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Kwa magari ya zamani ya usukani wa kulia, kwa kawaida ni la nyuma kushoto. Nyuma ya gurudumu kuna nipeli, kiskrubu kidogo chenye tundu. Unaivika mpira mwembamba unaoonekana ndani, ncha ya pili unaizamisha kwenye gilasi ya jemu yenye maji mapya kidogo. Mwenzako amekaa kwenye usukani. Unamwambia kanyaga, anakanyaga na kushikilia. Unalegeza nipeli, viputo vinatoka, pedali inazama. Unafunga, ndipo unamwambia achia. Akiachia kabla hujafunga, mfumo unanyonya upepo upya na kazi yote imekwenda bure. Wewe uko chini, humwoni. Yeye yuko juu, hakuoni. Jaswant alikuwa akinambia nisitegemee sauti ya mtu wa juu. "Yeye sema amekanyaga. Wewe hapana sikia. Tizama mpira."

Na haya maji yaliyotoka msiyarudishe ndani. Najua mnapenda kubana matumizi.

Haya. Nimeyasema hayo ili mkielewe kisa cha Maalim Hemed.

Maalim Hemed alikuwa mwalimu wa hesabu kwetu Unguja. Mimi hakunisomesha, lakini kila mtu mjini alimjua kwa jina na kwa bakora. Hapa alipata ukarani kwenye ofisi moja Croydon, akanunua gari dogo la kijani, la umri mkubwa, breki zake za dramu, zile zinazofunikwa na ngoma ya chuma, magurudumu yote manne. Ilikuwa miaka ya sabini, na gari lile lilikuwa limekwisha kuwa kongwe wakati huo. Alikuja asubuhi moja, koti limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Pedali imekuwa laini," akasema.

Jaswant akafungua boneti. Maji yalikuwa yamepungua sana. "Acha gari mpaka kesho. Tutafungua magurudumu yote, tutafuta yanatoka wapi."

Maalim akautazama ua, akalitazama geti, akanitazama mimi. "Lilale hapa? Na ufunguo anakaa nao nani?"

"Mimi," Jaswant akasema.

"Hapana. Fanyeni mnachoweza mbele ya macho yangu."

Tukatoa upepo, tukajaza maji, pedali ikawa ngumu. Jaswant hakufurahi. Alimwambia wazi kwamba maji hayapai mbinguni, yanatoka mahali, na hapo hatujatibu ugonjwa, tumeituliza homa tu. Alirudishe wiki hiyohiyo. Maalim akasema atalirudisha. Kabla hajaingia garini akanivuta pembeni kwa mkono wa ovaroli.

"Saidi, weye mtoto wa kwetu. Nikuulize. Mtu akitaka kuziharibu breki za mwenziwe, hufanyaje?"

"Mtu gani, Maalim?"

"Nauliza tu."

Lakini hakuwa akiuliza tu. Akanieleza kwamba mtaani kwake, kwenye ule mteremko unaoshuka kutoka Norwood, amehamia mtu wa Unguja nyumba chache chini yake. Anaitwa Makame. Amekuja peke yake, miaka mingi baada yetu, na hakuna anayejua alitokaje. "Sisi tulitoka kwa kuiba njia. Yeye nani kampa pasi? Ananisalimu kila asubuhi, na mimi simjibu. Jana nimechungulia dirishani nimeshasali alfajiri, namwona kachutama kwenye gurudumu la gari langu. Nilipotoka keshaondoka. Nyuma ya tairi kaacha tofali."

"Tofali la nini?"

"Weye unadhani la nini?"

Nakiri kwamba usiku ule nililifikiria lile tofali, na sikulipenda.

Hakulirudisha gari. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alitushuku na sisi pia: aliogopa gari lake likilala kwetu tutalifanya nini.

Siku liliporudi lilikuja limevutwa kwa kamba. Madigadi ya mbele ilikuwa imekunjamana. Maalim alishuka kwenye van iliyomvuta akiwa hana rangi usoni, amemshika mkono binti yake Zuhura, ambaye alikuwa bado wa skuli ya watoto wadogo. Mtoto alikuwa na kitambaa kidevuni, na kitambaa kilikuwa chekundu kwa damu. Maalim alikuwa akimpeleka skuli. Juu ya mteremko alikanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni. Akavuta breki ya mkono, gari likaenda upande, likapanda kando ya njia na kusimama kwenye ukuta wa bustani ya mtu. Ukuta ulikuwa wa Makame.

"Ameikata," Maalim akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilinitisha zaidi. "Ameikata paipu, Saidi. Mwanangu alikuwa ndani."

Jaswant alimchukua Zuhura akamkalisha kwenye kiti chake karibu na hita, akamtengenezea chai ya maziwa. Maalim hakukaa.

"Utaingia chini, utaiona ilipokatwa, kisha tutakwenda polisi mimi na weye. Mimi hawatanisikiliza, watasema ni Waafrika wawili wanagombana. Fundi watamsikiliza. Na yule makaratasi yake yako kwenye lile jengo la uhamiaji Croydon, hayajajibiwa bado. Neno moja la polisi litamrudisha alikotoka."

Mnajua alikotoka ni wapi, na kurudishwa huko wakati ule kulikuwa na maana gani kwa mtu aliyetoroka. Sina haja ya kueleza.

Nikaingia chini na taa. Nikaifuata paipu ya chuma kutoka mbele, kidogo kidogo, mpaka nyuma. Karibu na gurudumu la nyuma kushoto nikaona kitu. Paipu ilikuwa na mkwaruzo mpya, unang'aa kama sarafu. Si kutu, si tope. Chuma kitupu.

"Ipo alama," nikasema.

"Nilikwambia!" Maalim akapiga magoti pale kwenye zege na suruali yake ya ofisini.

Jaswant akajilaza ubavuni pangu. Alikuwa akipumua kwa shida kwa unene wake. "Alama ni alama. Gusa."

Nikapitisha ukucha. Mkwaruzo ulikuwa wa juujuu, ukucha haukunasa hata kidogo. Nikapitisha kidole kizima, chini na juu. Kikavu. Paipu iliyokatwa ikikanyagiwa hulia machozi. Hii ilikuwa kavu kama mfupa. Nikautazama mkwaruzo kwa karibu zaidi, na pembeni yake nikaona unga mwekundu. Nikautia kwenye ncha ya kidole.

"Tofali," Jaswant akasema.

Nikatoka chini. "Maalim, lile tofali lililokuwa nyuma ya tairi, ulilitoa?"

Akajipangusa vumbi magotini. "Nililikanyaga. Nilikuwa na hasira. Nilirudi nyuma juu yake."

"Basi ndilo lililoruka likakwaruza paipu. Hapakukatwa kitu."

"Na breki? Breki zimekwenda wapi?"

Hapo ndipo tulipomwona Makame. Alikuwa amesimama getini, nje ya ua, kofia mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mtu mwembamba, mrefu, nywele zimeanza mvi. Maalim alikuwa amempigia kelele mtaa mzima kwamba anakwenda polisi, na yeye akamfuata kwa miguu kuja kusikia fundi atasema nini. Angekwenda wapi kwengine? Maisha yake yote yalikuwa yamelala chini ya lile gari.

"Usiingie hapa!" Maalim akasema.

Makame hakuingia. Hakuondoka pia.

Jaswant akanipa nyundo ya mpira. Tukalipandisha gari kwa jeki, tukaliwekea stendi; msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama mnasoma hili kwa mzaha. Nikatoa gurudumu la nyuma kushoto. Upande wa ndani wa tairi ulikuwa umelowa. Nikaigonga dramu pande zote mpaka ikalegea, nikaivuta.

Ndani mlikuwa na uji mweusi, vumbi la breki lililochanganyika na maji. Kiatu cha breki, kile kinachoibana dramu, kimelowa chote. Nikaishika ile kofia ndogo ya mpira kwenye silinda ya gurudumu, nikaifunua kwa kidole, na maji yakanitiririkia mpaka kiwikoni.

"Haya," Jaswant akasema. "Kidole imegusa. Sema."

"Raba ya silinda imekwisha," nikasema. "Imekuwa ikivuja muda mrefu, inavujia ndani ya dramu, kwa hiyo chini huoni tone. Imekwenda mpaka maji yakaisha."

"Ni hilo hilo," sauti ikasema kutoka getini. "Nililinusa."

Maalim akageuka. Nadhani hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kumwambia Makame bila ya kupiga kelele. "Ulikuwa ukifanya nini kwenye gari langu?"

"Gari lako lilikuwa likiteremka peke yake, Maalim. Kila ukiliacha, asubuhi nalikuta limesogea kuja kwangu. Breki yako ya mkono haishiki, kiatu kimelowa. Nikalitilia tofali. Nikaona tairi limerowa kwa ndani na mvua haijanyesha, nikatia kidole, nikanusa. Mimi nilikuwa dereva wa lori kwetu. Harufu hiyo naijua."

"Kwa nini hukunambia?"

Makame akaitazama kofia yake. "Nilikuwa nakusalimia ili nikwambie."

Zuhura alikuwa akipuliza chai yake. Mimi nilimtazama Makame na sikuona uongo katika aliyoyasema. Kila neno lilikaa sawa na kile nilichokigusa. Hata hivyo, kwa tabia yangu, nilijisemea: mtu anayejua breki kiasi hiki anajua pia kuziharibu.

Tulibadilisha silinda na viatu vya nyuma pande zote mbili. Msibadilishe upande mmoja, gari litavuta upande. Tukaosha dramu, tukajaza maji mapya, ikawa zamu ya kutoa upepo. Jaswant angekaa yeye juu kama kawaida, lakini akamwita Makame.

"Wewe dereva ya lori. Mguu yako anajua kazi. Kuja."

"Huyu hakai kwenye gari langu!" Maalim akasema.

"Basi kaa wewe."

Maalim akaingia. Mguu wake haukuzoea kazi hiyo, na aliachia pedali kabla sijafunga, mara ya kwanza na ya pili. Tukanyonya upepo. Akashuka mwenyewe bila ya kuambiwa, akaenda kusimama karibu na mwanawe.

Kwa hiyo nikawa mimi chini na Makame juu. Kanyaga. Shikilia. Achia. Nilikuwa nikiutizama mpira kwa macho yote mawili nikisubiri akosee. Hakukosea. Kila nilipofunga pedali bado ilikuwa chini, hata pale nipeli ya mbele iliponing'ang'ania na nikachelewa. Viputo vikapungua, vikaisha, maji yakaja safi yenye rangi ya asali. Gurudumu la nne nilifunga bila ya kufungua mdomo, na yeye hakuachia mpaka nilipomwambia.

Ikabaki kulijaribu gari njiani. Sheria ya Jaswant ilikuwa kwamba aliyetengeneza ndiye anayelijaribu kwanza. Nikaomba ufunguo. Maalim akaushika mkononi.

"Apande na yeye," akasema, akimwonyesha Makame kwa kidevu. "Kama kweli hakugusa kitu, apande."

Makame akazunguka upande wa pili akapanda.

Tukapanda polepole mpaka juu Norwood, nikijaribu kila baada ya nyumba chache. Juu kabisa nikasimamisha gari kando. Mbele yetu palikuwa na ule mteremko, nyumba zimeshikana mpaka chini, na basi jekundu linapanda kwa kuguna. Sikuwa nimepanga kumwuliza kitu. Lakini nilikuwa nimekaa na lile neno lake, dereva wa lori, tangu alipolisema getini.

"Lori gani ulikuwa ukiendesha?" nikamwuliza.

"La serikali."

"Ukibeba nini?"

"Karafuu. Saruji. Chochote."

"Na wiki ile?"

Hakuuliza wiki gani. Akalitazama lile basi. "Watu," akasema.

Ami yangu alipandishwa kwenye lori wiki ile ya Mapinduzi. Alikuwa akitengeneza baiskeli, hakuwa mtu wa siasa. Alitoka dukani na spana mkononi, wakamwambia aiweke chini. Nilimwona anapanda, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kutwambia alishushwa wapi. Habari hiyo sikuwahi kumwambia Jaswant, wala Maalim, wala mtu yeyote wa London isipokuwa mke wangu.

"Uliwapeleka wapi?"

"Nilipoambiwa. Wengine bandarini. Wengine, njiani nikashushwa, akapanda dereva mwengine, lori likaenda." Alikuwa amezishika ncha za kofia yake kwa mikono miwili. "Nilikuwa na bunduki ubavuni, fundi. Sikugeuka kutizama nyuma."

"Hata uso mmoja?"

"Hata mmoja."

Nilimwamini kuhusu bunduki. Kuhusu kutogeuka, sijui. Nilijua jambo moja kwa hakika: chini kule, Maalim alikuwa akingoja neno langu, na kama ningesema ule mkwaruzo ni wa msumeno, Jaswant peke yake ndiye angenipinga, na polisi wasingemtafuta Jaswant. Ingetosha. Makame naye alilijua hilo. Nilimwona anavyokitizama kidole changu chenye ule unga mwekundu kwenye ukucha.

Nikaachia gari likashuka. Sikukanyaga mpaka likashika kasi, mpaka upepo ukawa unapiga kelele dirishani. Makame hakushika mlango. Tulipokaribia mahali pale penye ukuta uliobomoka nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Pedali ilikuwa juu na ngumu, gari likainama pua na kusimama limenyooka, halikuvuta kushoto wala kulia.

"Kazi nzuri," Makame akasema, pumzi imemtoka.

Nikageuza gari kurudi gereji.

Maalim alikuwa akitungojea getini. Makame aliposhuka alipita pembeni yake akaenda zake kwa miguu. Maalim hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Haya, niambie. Ana mkono?"

"Kwenye gari lako hana mkono, Maalim."

Alikuwa mwalimu, alijua kusikiliza sentensi mpaka mwisho wake. Akanikazia macho muda mrefu, nikamwona anataka kuuliza, na nikamwona anavyoacha. Alimpandisha Zuhura nyuma, akaikanyaga pedali mwenyewe mara nyingi kabla ya kuwasha, kisha akaondoka. Polisi hakwenda. Kama alianza kumwitikia Makame salamu, sijui. Sikupata kuwaona pamoja tena. Baada ya muda alihamia Edmonton na familia yake.

Makame alipata makaratasi yake. Akapata na kazi ya kuendesha van, na kila mwaka aliileta kwetu, ingawa gereji za karibu na kwake zilikuwepo. Kila mwaka nilimfungulia magurudumu yote manne, nikagusa kila paipu, nikatoa upepo mpaka maji yakaja safi, yeye akiwa juu na mimi chini. Tulizungumza kanyaga na achia, basi. Jaswant alikuwa ameshafariki na gereji ikiwa mikononi mwangu, siku Makame aliposhuka kwenye usukani akasimama, hakuchukua ufunguo.

"Ami yako," akasema. "Alikuwa akiitwa nani?"

Sikumbuki kumwambia kama nilikuwa na ami. Labda Maalim alisikia kwa watu akamwambia; labda mke wangu alisema mahali. Labda. Au siku ile aligeuka kutizama nyuma, akauona uso unaofanana na wangu.

Nikamtajia jina. Akalirudia polepole, jina la baba na la babu, kama mtu anayeonja. Kisha akatikisa kichwa akasema hakupata kulisikia.

Sikumwamini. Nikamkabidhi ufunguo, akaondoka, na mwaka uliofuata breki zake nilizifanya tena, zote nne.